Mende wa Ikulu: Juu ya Mnyama Asemaye na Mnyama Atukanwaye

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba mnyama wa ngano si mnyama. Sungura, fisi, kobe na simba ni binadamu waliovishwa ngozi, na msimulizi huwavisha ngozi hiyo apate kusema mbele ya mkubwa yale ambayo asingethubutu kuyasema waziwazi. Fundisho hili ni la kweli, lakini limezoeleka mno, hata hatulidadisi tena. Hatuulizi ni binadamu yupi aliyevishwa ngozi ipi, ni nani aliyemvisha, wala kama anaweza kuivua. Makala haya yanakusudia kuuliza maswali hayo mbele ya kazi ambayo huenda msomaji wetu hajapata kuisikia: mfululizo wa katuni za kuchekesha ulioitwa Capitol Critters, uliorushwa na kituo cha televisheni cha ABC huko Marekani kuanzia tarehe 28 Januari hadi tarehe 14 Machi 1992, kisha ukaondolewa. Sehemu 13 zilikuwa zimetengenezwa. Watazamaji wa ABC walionyeshwa 7 tu.

Itaulizwa kwa nini jarida la Kiswahili lijishughulishe na kitu kidogo namna hii, kilichokufa kabla ya kutimiza miezi miwili. Tungeweza kujibu kwamba nguo iliyofumuka huonyesha mishono yake vizuri kuliko nguo nzima. Lakini ipo sababu nyingine iliyo karibu zaidi nasi. Mwaka 1992 una maana yake katika jimbo letu, na neno lililotumiwa hapa kwetu mwaka ule linakutana na mfululizo huu mahali ambapo watunzi wake hawakupategemea. Tutalifikia neno hilo kwa wakati wake.

Asili ya kazi yenyewe ni ushindani wa biashara, wala hakuna haja ya kuificha. Mnamo Desemba 1989 kituo cha Fox kilianza kuonyesha The Simpsons, na ikadhihirika kwamba watu wazima wako tayari kuketi jioni mbele ya katuni. Halikuwa jambo jipya kabisa: The Flintstones ilikuwa imefanya hivyo kwenye ABC tangu mwaka 1960 hadi 1966. Lakini lilikuwa limesahauliwa, na vituo vikongwe vikakimbilia kulirudia. ABC ikaleta Capitol Critters. CBS ikaleta Fish Police mwaka huo huo wa 1992, hadithi ya samaki wapelelezi, ambayo zilitengenezwa sehemu 6 na kuonyeshwa 3. Mwaka 1993 CBS ikajaribu tena kwa Family Dog, sehemu 10, nayo haikudumu. Zote tatu zilimtegemea mnyama, kana kwamba mafanikio ya The Simpsons yalitokana na uchoraji peke yake na wala si ukali wa jicho lililoitazama familia ya kawaida.

Hata hivyo Capitol Critters haifanani na hizo nyingine mbili, na tofauti hiyo yatoka kwa watunzi wake. Uchoraji ulikuwa wa Hanna-Barbera, jumba lile lile la The Flintstones, ambalo waanzilishi wake walikuwa wamewatunga Tom na Jerry mwaka 1940. Utunzi ulikuwa wa Nat Mauldin, Michael Wagner na Steven Bochco. Huyu Bochco, aliyefariki mwaka 2018, ndiye aliyeibadilisha tamthilia ya televisheni ya Marekani kwa Hill Street Blues mwaka 1981, kisha L.A. Law mwaka 1986: kazi zenye wahusika wengi, visa vinavyopishana, na polisi au wakili asiyejua mwenyewe kama yuko upande wa haki. Mwaka 1990 alithubutu hata kuwaimbisha polisi katika Cop Rock, akashindwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kutunga hadithi ya paka na panya kwa ajili ya kucheka tu. Alitaka kusema jambo.

Kisa ni chepesi kusimulia. Max ni panya mdogo wa jimbo la Nebraska, nchi ya mashamba. Anaipoteza jamaa yake yote mara moja: watu wa kuangamiza panya wamefika na dawa yao, na Max ndiye anayesalia. Anasafiri hadi Washington kwa binamu yake Berkeley, aishiye na wenzake ndani ya Ikulu, chini ya miguu ya Rais. Huko anamkuta Jammet, panya mkubwa mwenye hasira za karibu. Trixie, mamaye Jammet. Muggle, panya aliyetoroka maabara baada ya kufanyiwa majaribio, na ambaye mwili wake haujatulia tangu hapo. Na Moze, ambaye ni mende. Adui zao wa kila siku ni paka wa Ikulu. Sauti ya Max ni ya Neil Patrick Harris, aliyejulikana wakati huo kama daktari kijana wa Doogie Howser, M.D., mfululizo mwingine wa Bochco. Jina la Berkeley ni la mji wa chuo kikuu huko California, uliovuma kwa maandamano ya wanafunzi katika miaka ya 60. Ajuaye habari za mji huo ameshamjua panya huyu kabla hajafungua kinywa.

Tuseme mara moja udhaifu wa fani, maana si mgumu kuuona. Wahusika wamechorwa kwa macho makubwa na mwendo wa kurukaruka, kama katuni ambazo watoto wa Marekani walizoea kutazama asubuhi ya Jumamosi, lakini vinywa vyao vinazungumzia umilikaji wa bunduki, dawa za kulevya, ubaguzi na kifo. Mtoto anavutwa na picha kisha anachoshwa na maneno. Mtu mzima angeyasikiliza maneno lakini picha imemwambia kwamba hakualikwa. Mengi yamelaumiwa juu ya kushindwa kwa mfululizo huu. Sisi twaona sababu hii yatosha.

Lakini ndani ya udhaifu huo mna kitendo kimoja cha ujasiri. Kifo cha jamaa yake Max kimewekwa katika sehemu ya kwanza, yaani kwenye mlango wa kuingilia kichekesho. Ngano zetu nazo haziogopi kifo. Zimwi humeza kijiji kizima, watu na mbuzi na ngoma zao. Ila sote tunajua kinachofuata: mtoto aliyesalia hukua, hulichinja zimwi, hulipasua tumbo, na watu wote hutoka hai, wakijipangusa. Jamaa yake Max hawatoki. Hakuna tumbo la kupasua, kwa kuwa zimwi la hadithi hii ni mtu mwenye kazi yake ya mshahara, aliyekuja na kifaa chake, akaua na kwenda zake. Hapa watunzi wamegundua jambo ambalo ngano ililijua kwa namna nyingine, kwamba jitu la kutisha halitambulikani kwa pembe wala kwa mkia, bali kwa namna linavyowatazama wengine. Kwa macho ya panya, binadamu ni zimwi. Hata Muggle, ambaye umbo lake lingemfanya awe kioja cha kuogofya, hatishi mtu yeyote. Kilichomtisha yeye ni maabara.

Tulipomfikiria yule paka wa Ikulu tulikumbuka hekaya moja ya Waswahili wa Unguja, iliyomo katika mkusanyo alioutoa Edward Steere mwaka 1870, ile ya Sultani Majinuni. Sultani alikuwa na paka. Paka akakamata ndama, watu wakampelekea habari, naye akawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake pia. Akakamata mbuzi, jibu likawa lile lile. Mnyama akaendelea hivyo, mifugo hata watu, na mfalme hakubadili kauli mpaka siku paka alipowala wana wake mwenyewe. Hapo ndipo alipokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Kisha mwanawe mdogo anakwenda porini kumtafuta nunda, na kila mara anarudi na mnyama asiyekuwa yeye, mpaka ampate.

Hii ndiyo hadithi tungetaka kila mtunzi wa vichekesho vya siasa aisome. Ubora wake uko katika jambo moja: nunda hakuzaliwa nunda. Alikuwa paka wa nyumbani kama paka wengine, na aliyemfanya awe nunda ni mfalme aliyekataa kuona. Umbo la mnyama linafuata tendo la mtawala. Paka wa Capitol Critters, kwa upande wao, ni paka tangu mwanzo hata mwisho. Wanawawinda panya kwa sababu paka huwinda panya. Watunzi wamewaweka katika nyumba ya mkuu wa dola yenye nguvu kuliko zote, wakawapa kazi ile ile aliyokuwa nayo Tom zaidi ya miaka 50 kabla yao. Msimulizi wa Unguja, bila televisheni wala mshahara wa ABC, aliijua Ikulu kuliko wao.

Sasa tumfikie mende.

Katika nyumba hii ya wadharauliwa, mende ndiye mdharauliwa wa wadharauliwa. Panya wanamwona kuwa chini yao, na mfululizo unapozungumzia ubaguzi, ndio mende wanaotengwa. Mtazamaji wa Marekani hahitaji kuambiwa mende ni nani. Sauti ya Moze ni ya Dorian Harewood, mwigizaji Mmarekani mweusi aliyeigiza nafasi ya Simon Haley, babaye mwandishi Alex Haley, katika Roots: The Next Generations mwaka 1979. Kichwa cha sehemu mojawapo, The KiloWatts Riots, kinacheza na jina la Watts, mtaa wa Los Angeles ambao wakaaji wake weusi waliasi mwezi wa Agosti 1965. Na kama kuna mtu aliyedhani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, wiki chache tu baada ya mfululizo kuondolewa, tarehe 29 Aprili 1992, Los Angeles iliwaka moto tena.

Nia ya watunzi haina shaka. Wanataka kumtetea Moze. Moze ni mhusika mwema, mwenye utu, na anayembagua ndiye anayeaibishwa. Lakini nia njema haitoshi kuiokoa sitiari mbovu. Panya na mende wametofautiana kweli. Mmoja ana damu ya moto na mwingine hana. Mmoja hunyonyesha na mwingine hutaga. Hawawezi kuoana wala kuzaa. Ukiwaambia watazamaji kwamba watu weupe na weusi ni kama panya na mende, kisha ukawasihi wapendane, umekwisha kuwapa, kabla ya kuwasihi, jambo lile ambalo mbaguzi hulihitaji kuliko yote: kwamba tofauti ile ni ya kuumbwa. Unachobaki ukiomba si usawa, ni huruma ya jinsi moja kwa jinsi nyingine. Na huruma hiyo haina mzizi, maana hakuna mtazamaji hata mmoja ambaye, baada ya kumpenda Moze jioni, ataacha kumkanyaga mende jikoni mwake asubuhi.

Hapa ndipo ngano zetu zinapokataa kufananishwa na kazi hii. Kalulu wa Wabemba na Walamba, Kabundi wa Waluba, sungura wa pwani: hao si makabila. Hakuna msikilizaji aliyewahi kuuliza sungura ni wa ukoo gani miongoni mwa watu. Sungura ni mwenendo. Fisi ni mwenendo vilevile, ulafi unaojisahau, na ndiyo maana katika ngano fisi anaweza kuwa jirani, mkwe, mdeni, hata rafiki wa sungura, akala naye na kusafiri naye. Tofauti ya maumbile imefutwa tangu msimulizi alipotamka kwamba hapo kale wanyama walikuwa wakisema. Kilichobaki ni tabia, na tabia hubadilika. Aliyeitwa fisi baharazani anaweza kuacha kuwa fisi siku atakapogawa nyama. Aliyeitwa mende na Bochco hana la kufanya. Amezaliwa mende, na hata akiwa mwema kuliko panya wote atakuwa mende mwema.

Msomaji makini atatupinga kwa kutaja koo. Kweli, wapo watu wengi katika nchi hizi wanaojiita kwa majina ya wanyama. Ukoo wa kifalme wa Wabemba ni Bena Ng'andu, wana wa mamba, na kati ya koo zenye majina ya wanyama kuna utani unaoruhusu maneno makali hata msibani. Lakini jina la ukoo hubebwa na mwenyewe, kwa fahari, kutoka kwa mababu zake. Utani nao una sheria: anayetania leo atataniwa kesho, kwa haki ile ile. Jina la mende halikuchaguliwa na anayeitwa, wala halimpi haki ya kujibu.

Twarudi sasa kwenye mwaka 1992. Wakati mende wa ABC walipokuwa wakitetewa huko Washington, katika jimbo la Shaba, ambalo baadaye liliitwa Katanga, watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakiitwa bilulu, yaani wadudu. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa kwa ajili ya migodi na reli. Neno lilisemwa hadharani, likazoeleka, likawa kama jina la kawaida. Kisha, mwaka huo na mwaka uliofuata, maelfu kwa maelfu walifukuzwa majumbani mwao, na kwenye stesheni za reli za Likasi na Kolwezi wakakaa wakingojea gari-moshi la kuwapeleka mahali ambapo wengi hawakupata kupaona. Wako waliofia palepale. Na katika nchi jirani ya Rwanda neno inyenzi, yaani mende, lililokuwa limetumiwa tangu miaka ya 60 kwa wapiganaji wakimbizi wa Kitutsi, lilirudishwa na magazeti na redio ya chuki, likatandazwa juu ya Watutsi wote, wazee na watoto wachanga, mpaka mauaji ya kimbari ya mwaka 1994.

Hatusemi kwamba katuni ya Marekani ilisababisha lolote katika hayo. Kusema hivyo kungekuwa upuuzi. Wala hatusemi kwamba neno peke yake huua. Tunasema kwamba mtu aliyepitia miaka ile hawezi kumsikiliza Moze kama anavyomsikiliza mtazamaji wa ABC. Anajua kwamba katika jina la mdudu mna amri iliyofichwa. Mtu hamhukumu mdudu, hamfungi, hajadiliani naye. Humfagia au humpulizia dawa. Fisi wa ngano hupigwa, hudanganywa, huaibishwa, yaani hutendewa kama mtu. Tena angalieni wingi wake. Kalulu ni jina la mmoja: ana mke, ana deni, ana ujanja wake. Bilulu husemwa kwa wingi. Nani aliyewahi kusimulia kisa cha kilulu mmoja, mwenye jina na mama?

Kwa kipimo hicho tunapaswa kuwatendea haki watunzi wa Capitol Critters. Walimpa mende jina, wakampa sauti ya mtu. Walifanya kinyume cha waliosema bilulu. Tena walikuwa wameshika mkononi kitu kikubwa zaidi, nacho ni yule Max. Max ameona kwa macho yake jinsi wanavyotendewa wale wanaohesabiwa kuwa uchafu wa nyumba, ameikimbia dawa, kisha anafika kwa ndugu zake na kuwakuta nao wana mdudu wao wa kumdharau. Hapo palikuwa na tamthilia kubwa. Aliyeponea chupuchupu kuangamizwa anajifunza kutumia macho ya wale waliomwangamizia jamaa, au anakataa kujifunza. Lakini umbo la kichekesho cha televisheni haliwezi kubeba mzigo huo. Kila sehemu huanza na jambo jipya na kulimaliza kwa dakika zisizotimia 30: leo bunduki, wiki ijayo dawa za kulevya, wiki nyingine ubaguzi. Msiba wa Nebraska na aibu ya mende vimewekwa katika vyumba mbalimbali vya nyumba moja, na mlango wa katikati umefungwa. Bochco wa Hill Street Blues, aliyezoea kuendeleza kisa kutoka wiki hadi wiki, alikuwa mtu wa kuufungua mlango huo kuliko mwingine yeyote. Hilo ndilo linalotusikitisha, si uchache wa watazamaji.

Kwamba kazi hiyo inawezekana, na kwa panya wale wale, ilionekana mwaka ule ule. Mnamo 1992 Art Spiegelman alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer kwa Maus, masimulizi ya picha juu ya babaye aliyenusurika Auschwitz. Humo Wayahudi ni panya, Wajerumani ni paka, Wapoland ni nguruwe. Kwa mtazamo wa kwanza ni kosa lile lile la Bochco, tena kubwa zaidi: kabila limefanywa kuwa aina ya mnyama. Lakini Spiegelman hakuibuni sitiari hiyo. Aliichukua kwa Wanazi, ambao ndio waliowaita Wayahudi panya, kisha akaitembeza ukurasa hadi ukurasa mpaka ikachakaa machoni petu. Wahusika wake wanapotaka kupita kama Wapoland huvaa kinyago cha nguruwe. Na katika juzuu ya pili mwandishi anajichora mwenyewe akiwa mezani pake, mtu mwenye kinyago cha panya usoni, na kamba ya kinyago inaonekana kisogoni. Kamba hiyo ni uhakiki mzima. Inamwambia msomaji kwamba uso huu umefungwa juu ya uso mwingine, na kuna mkono uliofunga fundo. Kwa Moze hakuna kamba.

Baada ya miaka miwili, mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilileta mchezo huo katika lugha yetu wenyewe, na hapo hatuwezi kupita kimya. Wengi walifurahi kusikia Simba, Rafiki na hakuna matata vikitamkwa duniani kote. Rafiki, nyani mwenye hekima, alipewa sauti ya Robert Guillaume, mwigizaji mweusi aliyekuwa pia katika Fish Police. Lakini fisi jike alipewa jina la Shenzi na sauti ya Whoopi Goldberg. Msomaji wa jarida hili anajua shenzi ni neno la namna gani. Ni neno ambalo watu wa pwani waliwatupia watu wa bara, yaani sisi, waliposhuka na misafara, kabla wakoloni hawajaliokota na kulitupa kwa wote. Fisi wa ngano alikuwa mlafi. Huyu wa filamu ni mshenzi, akaaye nje ya mipaka ya ufalme, mahali pa giza, na kuingia kwake ndiko kunakoiharibu nchi. Mwenendo umegeuzwa kuwa asili, na safari hii kwa neno la Kiswahili. Ajabu ni kwamba filamu hii ilipata utajiri mkubwa na watu wachache waliinung'unikia, ilhali Capitol Critters, iliyojaribu angalau kuwatetea waliotengwa, imesahauliwa hata na wajuzi wa katuni.

Tumalizie kwa tatizo la mfasiri, kwa kuwa ndilo lililotuongoza kwenye uchunguzi huu. Tuseme mtu anataka kuitia kazi hii sauti za Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa Lubumbashi. Atagundua kwanza kwamba mpaka mmoja umefutika wenyewe. Max ni panya wa aina ndogo na Jammet wa aina kubwa, na Kiingereza, kama Kifaransa, kina jina mbali kwa kila mmoja. Kiswahili huwaita wote wawili panya na kuongeza udogo au ukubwa ikibidi. Mizaha yote inayotegemea tofauti yao itaanguka, wala si hasara kubwa. Mende atabaki mende.

Lakini jina la mfululizo litamtesa. Capitol si shida, ingawa ni jina la jengo la bunge na visa vyenyewe vyahusu nyumba ya Rais. Ataandika Ikulu, na hakuna atakayelalamika. Shida ni critters, neno la mitaani lenye mahaba ndani yake, ambalo Wamarekani hulitumia kwa vinyama vidogo vya kila namna, wenye miguu minne na wenye sita. Katika Kiswahili tunachokisema hapa mjini, neno linalokuja mdomoni kabla ya mengine ni lile lile: bilulu bya Ikulu. Litachekesha, tena litachekesha sana, na katika ukumbi watakuwamo waliolisikia mwaka 1992 wakiwa na mabegi mikononi. Hata hivyo critters, kwa asili yake, si kitu kingine ila matamshi ya wakulima ya neno la Kiingereza lenye maana ya viumbe, na viumbe ni pamoja na Rais, na paka wake, na mtu yule wa Nebraska mwenye kifaa cha dawa. Mfasiri tuliyezungumza naye amependekeza Viumbe wa Ikulu. Wanafunzi wake wanasema kwamba jina hilo halichekeshi.